Mwongozo kamili: kumfundisha mbwa amri za msingi kwa ishara za mkono na vizawadi

Watu wengi wakianza kufundisha mbwa wanaanza na mdomo. Kaa! Kaa! Nimesema kaaa! Mbwa anamwangalia tu huku mkia unacheza, halafu mwenyewe anakata tamaa anasema huyu kichwa ngumu. Wala sio kichwa ngumu. Mbwa na mbwa mwenzake wanaelewana kwa masikio, mkia, mabega, namna ya kusimama na namna ya kugeuza uso, kwa hiyo hata akiwa na wewe macho yake yapo kwenye mwili wako muda wote, na hayo maneno unayompigia kelele kwake ni sauti tu mpaka umpe sababu ya kuyajali.

Kuna kisa maarufu cha farasi aliyeitwa Hans, kule Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1900. Mwenye farasi, Wilhelm von Osten, aliamini kabisa kwamba farasi wake anajua hesabu, ukimuuliza swali anagonga kwato mpaka anafika kwenye jibu sahihi anaacha. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst akalichunguza jambo lenyewe kwa utulivu, kumbe farasi alikuwa anamsoma muulizaji, yaani mtu akisubiri jibu anakaza mwili kidogo, jibu likifika analegea, na yeye mwenyewe hajui kama anafanya hivyo. Hans hakujua hesabu ila alijua kusoma watu vizuri sana, na mbwa wako nyumbani ni hivyo hivyo. Ukizoea kusema kaa huku umeinama kidogo, yeye anajifunza kule kuinama, siku ukisema kaa ukiwa umejilaza kwenye kochi anabaki anakushangaa na wewe unadhani anakudharau.

Sasa kwa vile anasoma mwili hata usipotaka, bora uamue mwenyewe anasoma nini. Ndio maana tunaanza na mkono, maneno yatakuja baadaye. Na kuna kitu kimoja nakiomba ukishike mpaka mwisho wa huu mwongozo: mkono ndio amri, chakula ni mshahara. Mshahara unalipwa baada ya kazi. Ukianza kumwonyesha chakula kwanza ndio afanye kazi, hiyo tayari ni hongo, na mbwa wa hongo siku huna kitu mkononi hakujui.

Vizawadi kwanza

Kipande kiwe kidogo, saizi ya njegere inatosha hata kwa mbwa mkubwa, maana mbwa hahesabu ukubwa kama anavyohesabu kwamba amepewa. Kiwe laini, akimeze mara moja arudi kukuangalia. Biskuti ngumu anayoitafuna huku makombo yanaanguka inakuvunjia mazoezi, atatumia nusu ya muda kunusa sakafu akitafuta yaliyodondoka. Kuku wa kuchemsha bila chumvi ni mzuri sana, maini ya kuchemsha kidogo pia, na kwa mbwa mlafi hata chakula chake cha kawaida kinatosha, unachota sehemu kwenye sahani yake ya siku ndio unafanyia mazoezi. Kwa ujumla vizawadi visizidi kama asilimia 10 ya chakula chake cha siku nzima, vinginevyo utapata mbwa mtiifu aliyenenepa kupita kiasi, punguza kwenye sahani kile ulichompa kwenye mazoezi.

Kuna vitu usimpe kabisa hata akikuangalia vipi: chokoleti, zabibu mbichi au kavu, vitunguu maji na vitunguu saumu, karanga za makadamia, na kitu chochote chenye ile sukari bandia ya zailitoli inayowekwa kwenye bigijii na kwenye baadhi ya siagi za karanga. Hizo ni sumu kwake. Ndio maana nyama iliyopikwa kwa ajili ya watu sio nzuri, imeshaungwa vitunguu na chumvi. Mifupa ya kupikwa nayo hapana, inapasuka vipande vyenye ncha.

Panga vizawadi kwa madaraja. Vya kawaida vya kufanyia kazi rahisi ndani ya nyumba, na vile anavyovipenda mpaka anatetemeka unavihifadhi kwa kazi ngumu, hasa kuitwa akiwa nje. Ukimpa kuku kila saa kwa kila kitu, siku unamwita aache kumfukuza paka utamlipa nini? Viweke kwenye kapochi ka kiunoni au mfukoni, SIO mkononi. Hili la mkononi tutalirudia.

Muda mzuri ni kabla ya kula, akiwa na njaa kidogo lakini sio njaa ya kuchanganyikiwa. Dakika 3 mpaka 5 zinatosha, mara mbili au tatu kwa siku. Mtu akijifungia na mbwa saa nzima anachofundisha ni kuchoka. Mtoto wa mbwa unaweza kuanza naye akiwa na wiki 8, nyumbani tu mpaka amalize chanjo, na mbwa mkubwa naye anajifunza vizuri tu, huyo anahitaji subira zaidi kwa sababu kuna mazoea ya zamani ya kuyafuta.

Neno la kumwambia "hapo hapo umepatia"

Kabla ya amri yoyote unahitaji kitu cha kumjulisha mbwa kwamba kile alichofanya sekunde hiyo ndicho kimemletea chakula. Wengine wanatumia klika, kale kadude ka plastiki kanakolia "tik", wengine neno fupi. Mimi napendelea neno, huwezi kulisahau nyumbani. Chukua "Safi!" fupi, kwa sauti ile ile kila siku.

Unaliweka hivi: mbwa yuko karibu, hafanyi chochote cha maana, sema "Safi!" halafu mpe kipande. Subiri kidogo, rudia. Fanya hivyo mara kumi, kumi na tano, pumzika, rudia jioni. Utajua limekaa pale ukisema "Safi!" akiwa anaangalia kwingine anageuka haraka kutafuta kipande chake. Ni kile kile alichokiona Ivan Pavlov, yule Mrusi aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula: mbwa wakishajua kwamba kitu fulani kinatangulia chakula, mate yanatoka kabla chakula hakijaonekana.

Utamu wa neno hili ni kwamba linawahi kuliko mkono wako. Mbwa amekaa, wewe bado unapapasa mfukoni, ukitoa kipande ameshasimama na kunusa kiatu chako, ukimpa hapo umemlipa kwa kunusa kiatu. Lakini ukisema "Safi!" pale pale matako yanapogusa chini, hata kipande kikichelewa kidogo anaelewa analipwa kwa lipi. Sema mara moja tu. Na ukishasema lazima ulipe, hata kama umekosea ukasema wakati sio, lipa, ukianza kulidanganya linakufa.

Mkono wenyewe

Mbwa haoni kama sisi. Rangi anazotofautisha vizuri ni za upande wa bluu na njano, nyekundu na kijani kwake zinafanana fanana, na vitu vidogo vidogo kwa mbali havioni kwa ukali tunaouona sisi. Ila kitu kinachosogea anakinasa haraka mno. Kwa hiyo ishara nzuri ni ile inayosogea, ina mwanzo na mwisho, na inafanyika mahali inapoonekana: mkono ukipita mbele ya nguo ya rangi ile ile unapotea, hasa jioni. Kutikisa kidole kimoja ukiwa umbali wa mita 15 ni kujichosha bure.

Ishara moja maana moja, na watu wote wa nyumbani wafanye hiyo hiyo. Hapa ndipo nyumba nyingi zinaharibikia, baba anaonyesha kidole chini anataka mbwa akae, dada anaonyesha kidole hicho hicho anataka mbwa alale, mtoto anaonyesha kidole kwa sababu tu anamchezea, halafu jioni wote wanakubaliana mbwa hasikii. Kaeni chini mkubaliane ishara kabla mbwa hajaingizwa kwenye mambo yenu.

Angalizo moja: kama mbwa amewahi kupigwa, mkono unaoinuka juu yake kwake ni kipigo kinakuja. Utaona anabana masikio, anajikunja, anageuza kichwa. Huyo mfanyie ishara ukiwa umesimama upande upande, mkono uwe chini na taratibu, uchuchumae ikibidi, na usipitishe mkono juu ya kichwa chake hata kidogo. Vizawadi vitambadilisha mawazo kuhusu mikono, ila havitafanya hivyo kwa siku moja.

Anza na Gusa

Wengi wanarukia Kaa moja kwa moja, mimi nasema anza na Gusa, kwa sababu ni rahisi kiasi kwamba mbwa anapata ushindi siku ya kwanza, na inamfundisha kitu kikubwa kuliko amri yenyewe: kuutafuta mkono wako mtupu.

Fungua kiganja, vidole vielekee chini, kiweke pembeni ya goti lako, karibu na pua yake kama sentimita kumi hivi. Mkono HAUNA chakula. Mbwa kwa udadisi wake atasogea kunusa. Pua ikigusa kiganja tu, "Safi!", na kipande kinatoka mfukoni kwa mkono ule mwingine. Toa kiganja, kifiche nyuma, kirudishe tena. Akishaelewa, sogeza kiganja kushoto, kulia, mbali hatua moja, mbili, mpaka anatembea kukifuata. Asipogusa usimsukumie mkono puani, urudishe nyuma halafu uulete tena, kule kusogea kwenyewe kunamvutia.

Baadaye Gusa itakusaidia kumshusha kwenye kochi bila kugombana naye, kumpitisha kwenye mlango, kumtoa mawazo kwa mbwa mwingine anayepita, na kumpandisha kwenye mizani kwa daktari wa mifugo.

Kaa

Shika kipande kwa vidole, kiweke puani kwake kabisa, halafu kipandishe taratibu kwenda juu na nyuma kidogo, kuelekea katikati ya masikio. Kichwa kikienda juu matako yanashuka yenyewe. Yakigusa chini, "Safi!", mpe. Akiruka na miguu ya mbele umekipandisha juu mno, kishushe. Akirudi nyuma badala ya kukaa, mfanyie karibu na ukuta ili nyuma kusiwe na pa kwenda. Usimkandamize kiuno kwa mkono, kwanza unaweza kumuumiza, pili akili inakuwa kwenye kupambana na mkono wako, hajifunzi kitu.

Fanya hivyo mara tatu, nne, tano hivi tu. Halafu hapa ndipo penyewe, soma taratibu: mara inayofuata fanya mwendo ule ule kabisa, vidole vile vile, ila mkono ni MTUPU. Mbwa atafuata kwa sababu mwendo anaujua na harufu bado ipo vidoleni. Akikaa, "Safi!", kipande kinatoka kwenye pochi kwa mkono wa pili. Mtu akiruka hii hatua akaendelea wiki mbili na chakula kwenye vidole, ameshajenga mbwa wa hongo na itabidi aanze upya, na huko ndiko yanakotokea yale malalamiko ya "mbwa wangu anatii nikiwa na nyama tu". Chakula cha kumwongozea pua ni cha mara chache za mwanzo, kazi yake ni kumwonyesha njia.

Mkono mtupu ukifanya kazi, anza kuusafisha mwendo. Kidogo kidogo usiuanzie puani, anzia usawa wa paja lako, kiganja kimeangalia juu, upandishe kwa kukunja kiwiko mpaka usawa wa kifua. Kila mara simama wima zaidi. Hiyo ndiyo ishara ya Kaa ya watu wengi wanaofundisha mbwa, inaonekana hata kwa mbali.

Lala

Hii inasumbua wengi kwa sababu mbwa akilala anajiona hayuko salama, hasa mahali pageni au kwenye sakafu baridi, kwa hiyo anza kwenye zulia au jamvi, mahali pametulia.

Aanze akiwa amekaa. Kipande puani, kishushe moja kwa moja chini mpaka katikati ya miguu yake ya mbele, kikifika chini kivute taratibu kuja kwako ukifuata sakafu. Usiharakishe, ukivuta haraka anasimama. Viwiko vikigusa chini, "Safi!" na mpe kipande pale pale chini, usimpe juu, ukimpa juu unamfundisha kunyanyuka. Kama anashusha kichwa tu matako yanainuka, lipa vipande vya njia: ameshusha kichwa, lipa, ameshuka zaidi, lipa, mpaka afike. Njia nyingine ni kukaa chini ukakunja goti, ukampitisha kipande chini ya goti lako, hapo hawezi kupita bila kulala.

Mara chache halafu mkono mtupu, kama kwenye Kaa. Ishara kamili ni kiganja kikiangalia chini, kinashuka kutoka usawa wa kifua kwenda usawa wa paja. Angalia kwamba ni kinyume kabisa cha Kaa, moja inapanda nyingine inashuka, na hapo usiwe mvivu. Mkono ukiutupa tupa katikati bila kujulikana unapanda au unashuka, mbwa atabahatisha, na akibahatisha sana ataanza kufanya yote mawili kwa mkupuo. Ukiona hivyo zichanganye bila mpangilio, Kaa, Lala, Kaa, Kaa, Lala, usimwache akariri zamu.

Mbwa mzee, au mbwa yeyote anayekaa kwa upande upande au anayekataa ghafla kitu alichokuwa anakifanya vizuri, mpeleke kwa daktari kabla hujamwita mkaidi. Nyonga na magoti yakiuma, kukaa ni adhabu.

Baki

Kiganja wima, vidole juu, kinamtazama mbwa, mkono umenyooka mbele ya kifua chako. Unaona kinafanana kidogo na Gusa? Ndio, na ndiyo sababu Gusa tuliiweka chini karibu na goti na vidole vikielekea chini, Baki iko juu na haisogei.

Hapa utahitaji pia neno la kumwachia, la kumwambia sasa kazi imeisha. Watu wengi wanatumia "haya", tatizo haya tunaitamka siku nzima, mbwa ataachiwa kila ukiongea na simu. Tumia "Huru!" na mkono uutupe pembeni kwa furaha.

Mweke Kaa. Onyesha kiganja. Sekunde moja. "Safi!", mpe kipande akiwa BADO amekaa, halafu "Huru!" aondoke. Sekunde mbili. Sekunde tatu. Rudi sekunde moja. Sekunde tano. Usipande ngazi moja kwa moja kila mara, ukifanya kila jaribio kuwa gumu kuliko lililopita mbwa anaona mchezo huu unazidi kuwa mbaya anaacha kucheza. Akifika sekunde 15 hivi bila wasiwasi ndipo anza kusogea, hatua moja nyuma na urudi. Usigeuke mgongo kwanza, tembea kinyumenyume. Na mrudie pale pale alipo umlipe, usimwite aje, ukimwita kila mara kutoka kwenye Baki anaanza kukaa huku ameshajiandaa kuchomoka.

Akivunja usimgombeze. Mrudishe kimya mahali pake, punguza muda au umbali, jaribu tena. Kuvunja kwake ni taarifa kwamba umemwongezea haraka mno.

Ukiongeza muda, weka umbali mdogo na mahali pawe kimya. Ukiongeza umbali, punguza muda. Ukimpeleka mahali penye watu na mbwa wengine, vyote viwili virudishe chini karibu na mwanzo. Watu wanaongeza vyote vitatu siku moja halafu wanashangaa. Na hii sio ya Baki peke yake, ni ya kila amri, maana mbwa aliyejifunza Kaa sebuleni hajui Kaa barabarani, kwake hayo ni mambo mawili tofauti mpaka umfundishe katika sehemu kadhaa.

Njoo

Kama una muda wa kufundisha amri moja tu maishani, iwe hii. Ishara ni mkono ulionyooka pembeni usawa wa bega halafu unauleta kwa mduara mpana mpaka kifuani, ni kubwa na inaonekana mbali.

Ndani ya nyumba, hatua mbili tatu kutoka kwa mbwa, akikuangalia tu, fanya ishara, rudi nyuma kidogo kwa haraka, chuchumaa. Mbwa anapenda kufuata kinachokimbia. Akifika, "Safi!", na hapa usilipe kipande kimoja, lipa vinne vitano kimoja kimoja huku unamshika kola taratibu, azoee kwamba kushikwa kola ni jambo zuri. Watu wanamwita, wanampa kipande kwa mkono ulionyooka, mbwa ananyakua na kukimbia, na hapo amejifunza kuja hatua moja pungufu ya kukamatwa.

Nje tumia kamba ndefu ya mita 5 mpaka 10, ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, sio kwenye kola, kwa sababu akikimbia kamba ikakaza ghafla shingo itaumia. Kamba haimvuti, kazi yake ni kuhakikisha hawezi kujilipa mwenyewe kwa kukimbilia kingine.

Ishara inafanya kazi akikuangalia. Akiwa amekupa mgongo piga makofi, toa sauti ya busu kwa mdomo, kimbia upande mwingine, chochote cha kumgeuza, akigeuka ndipo mkono. Vilevile mlipe kila mara anapokuangalia mwenyewe bila kuitwa, hiyo tabia ya kugeuka geuka kukuangalia akiwa nje ina thamani kubwa.

Na kuna mambo ambayo usiyafanye kamwe baada ya Njoo: kumchapa, kumgombeza, kumwogesha kama anachukia maji, kumfungia ndani wakati bado anacheza. Hata kama alitoroka nusu saa na umekasirika mpaka unatetemeka, akija mlipe. Ukimwadhibu pale, unaadhibu kuja. Kama unataka kumwogesha, mfuate mwenyewe alipo.

Acha

Kipande ndani ya ngumi, mpe anuse. Atalamba, atakwaruza, atabweka. Wewe kimya kabisa, hata usimtazame kwa ukali. Sekunde ile anapotoa pua, "Safi!", na umlipe kwa mkono MWINGINE, sio kile cha kwenye ngumi, asije akadhani Acha ni kusubiri kidogo halafu unapewa hicho hicho. Akishajizuia kwa ngumi fungua kiganja, akisogea kifunge. Kisha kipande chini, mguu tayari kukifunika. Kisha kipande kinachodondoka mbele yake. Ishara unaibakiza ile ile ya ngumi, unaionyesha mbele yake. Acha siku moja itamzuia kumeza sumu, kwa hiyo usiiharakishe, na zawadi yake iwe nono kuliko alichokiacha.

Maneno yanaingia lini

Pale ishara inapofanya kazi karibu kila mara. Mpangilio ni huu: neno kwanza, tulia nusu sekunde, halafu mkono. "Kaa"... mkono... amekaa, "Safi!", lipa. Ukivitoa neno na mkono kwa pamoja mbwa atashika mkono na neno litapita tu, ndio yale ya farasi Hans. Baada ya siku kadhaa utaona ukisema neno anaanza kushuka kabla ya mkono, hapo neno limeingia. Sema mara moja. Ukisema kaa kaa kaa kaa, umemfundisha kwamba amri ni ile ya nne.

Mjaribu kwa uaminifu: simama mikono nyuma, usiiname, useme neno tu. Halafu siku nyingine kaa kimya kabisa ufanye mkono tu. Atakachoshindwa ndicho cha kufanyia kazi.

Kupunguza vizawadi

Usikate ghafla. Amri mpya inalipwa kila mara. Amri anayoijua vizuri ndani ya nyumba, anza kulipa zile bora tu, aliyokaa haraka analipwa, ya kujivuta anapata asante ya mdomo. Baadaye lipa bila mpangilio, mara ya kwanza, mara ya nne, mara ya tano, mara ya tisa, asijue ipi ina malipo, ndivyo anavyozidi kujituma. Na malipo sio lazima yawe chakula. Kaa kabla ya mlango kufunguliwa, kutoka nje ndiyo malipo. Kaa kabla ya kutupiwa mpira, mpira ndiyo malipo. Ila Njoo na Acha mimi sizipunguzii mshahara, hasa nje, hizo lipa vizuri mpaka uzeeni.

Ukiona anapiga miayo wakati hana usingizi, analamba lamba midomo, anageuza kichwa pembeni au ghafla ananusa chini kana kwamba kuna kitu, huyo ameelemewa. Mpe jambo rahisi moja analolijua, mlipe, halafu funga mazoezi. Akiwa ananyakua vidole na meno, mpe kipande kwenye kiganja kilichofunguka badala ya kumnyooshea vidole. Akikataa chakula anachokipenda akiwa nje, mara nyingi anaogopa au amechangamka kupita kiasi, sogea mbali na hicho kinachomtisha mpaka aweze kula ndipo uendelee.

Kwa mbwa kiziwi

Huyu ndiye anayefaidi ishara kuliko wote. Wapo wanaozaliwa hivyo, kwa mbwa wa aina ya Dalmatian, wale weupe wenye madoa, na mbwa wengine wenye weupe mwingi inatokea zaidi, na wengi wanapoteza usikivu wakizeeka, kwa hiyo hata wa kwako anayesikia vizuri leo, mikono uliyomfundisha itamfaa huko mbele. Tofauti ni ndogo: badala ya "Safi!" tumia kidole gumba juu, ukikijengea maana kwa njia ile ile, gumba kisha kipande. Kumgeuza akuangalie, gonga sakafu kwa mguu asikie mtetemo, au washa na kuzima taa, au tochi usiku kwa kumulika chini mbele yake na sio machoni. Kumgusa nako mzoeshe, mguse bega kidogo, akigeuka kipande, mpaka kuguswa kusimshtue hata akiwa amelala, na wageni waambie wasimshike wakitokea nyuma. Nje awe na kamba muda wote, labda eneo lenye uzio, kwa sababu akikupa mgongo akakimbia huna namna nyingine ya kumfikia.